Kupiga ribiti kwenye bati la ndege: kazi kubwa iko kwenye tundu

Anayeanza kujenga ndege ya bati nyumbani huiogopa nyundo ya upepo kuliko kifaa kingine chochote karakanani. Ina kelele, inatetemesha mkono, na bati lisilofika hata milimita moja halisamehe. Hofu hiyo inaeleweka, ila imeelekezwa pasipo penyewe. Nyundo humaliza ribiti moja, yaani kipini cha alumini kinachounganisha mabati, kwa sekunde mbili au tatu. Ribiti nyingi zinazoharibika huwa zimekwisha kuharibika kabla hewa haijafunguliwa: tundu limepanuka, kishimo cha kichwa hakijafika chini, mabati mawili hayajagusana, au ribiti yenyewe ni fupi kwa nusu namba. Hayo manne yakikaa sawa, nyundo inabaki kuwa kazi ya mikono iliyotulia.

Maelezo haya ni ya ndege za alumini zenye ribiti za kugonga, hasa zile za familia ya RV kutoka Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, Marekani. Richard VanGrunsven aliirusha RV-3 mwaka 1971, na leo ndege za michoro yake zilizokwisha kuruka zimepita 10,000. Vipande huja vimekatwa na kutobolewa kiwandani, lakini FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kujenga ifanywe na mjenzi mwenyewe, kwa kujifunza au kwa kujiburudisha. Kwa hiyo ribiti, ambazo kwa ndege ya watu wawili huhesabiwa kwa maelfu mengi, ni zako. Vipimo vyote ni vya inchi, na ni heri kuvizoea hivyo hivyo kuliko kugeuza kila namba kuwa milimita na kukosea njiani.

Anza kwa kuisoma ribiti. Kwenye mchoro utakuta AN426AD3-3.5. AN426 ni umbo: kichwa bapa chenye mteremko wa nyuzi 100, kinachozama mpaka kikawa sawa na uso wa bati. AD ni aina ya alumini, 2117-T4, na alama yake ni kitone kilichodidimia katikati ya kichwa. Tatu ni unene wa shina ukihesabu kwa sehemu za 1/32 ya inchi, yaani 3/32, karibu milimita 2.4. Tatu na nusu ni urefu kwa sehemu za 1/16. Kwa kichwa bapa urefu huhesabiwa pamoja na kichwa. Kwa AN470, yenye kichwa cha mviringo, huhesabiwa shina peke yake. Za AN470 hukaa zaidi ndani, kwenye maungio ya mbavu na boriti, ambako upepo haupiti.

Aina ya AD inapendwa kwa sababu hugongwa jinsi inavyotoka kwenye pakiti. Zipo ribiti za alumini ngumu zaidi ambazo hupashwa moto, hupozwa ghafla, kisha hutunzwa kwenye friza mpaka dakika ya kugongwa. Karakana ya nyumbani haina haja na usumbufu huo. Lakini hata AD ina tabia moja ya kuikumbuka: hukakamaa kadiri inavyogongwa. Ribiti iliyopigwa mapigo machache yenye nguvu hutulia vizuri. Iliyodonolewa mapigo mengi dhaifu hugoma kusambaa, na ukizidisha huanza kupasuka pembeni. Tutalirudia tukifika kwenye hewa.

Ngozi yenyewe ya ndege ni bati la alumini aina ya 2024-T3. Shaba iliyochanganywa humo, kama asilimia 4 hivi, ndiyo inayolipa nguvu, na ndiyo pia inayolifanya liliwe upesi na unyevu na chumvi. Kwa hiyo kiwandani hulivika alumini safi pande zote mbili. Kwa mabati membamba utando huo ni kama asilimia 5 ya unene kila upande. Kwenye bati la inchi 0.025, ambalo ni la kawaida kwenye bawa, hiyo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Mkwaruzo unaoshika ukucha umekwisha kuupita utando. Ndiyo maana penseli ya chuma ya kuchorea mistari haina nafasi kwenye benchi hili. Tumia kalamu ya wino, na ile plastiki ya bluu inayofunika bati usiikate kwa wembe. Sisi huondoa ukanda wa upana wa inchi moja kando ya kila mstari wa ribiti kwa kifaa cha umeme cha kulehemu nyaya, ncha yake ikiwa imesuguliwa hadi ikawa mviringo. Plastiki huyeyuka na kuchanika bila chuma kuguswa. Plastiki inayobaki nje inalinda bati wakati wa kazi. Ya ndani iondoe yote mapema, kwa sababu ikikaa miezi mingi gundi hukakamaa na unyevu hujificha chini yake.

Sasa tundu. Tundu la kiwandani kwa kawaida ni dogo kidogo kuliko linalotakiwa mwishoni. Unabana mabati na mifupa kwa pini za springi za Cleco, za rangi ya fedha kwa 3/32 na za rangi ya shaba kwa 1/8, kisha unamalizia kila tundu kwa biti namba 40, ambayo ni inchi 0.098, au namba 30, inchi 0.1285, kwa ribiti za 1/8. Tundu linapita unene wa shina kwa elfu chache tu za inchi, na hiyo ndiyo nafasi yote uliyo nayo. Drili ya upepo yenye mizunguko mingi, ikishikwa wima na mkono mwepesi, hutoa tundu la duara. Drili ya mizunguko michache inayosukumwa kwa nguvu hutoa tundu lenye umbo la pembetatu butu, na ribiti hailijazi vizuri. Biti ikianza kulia badala ya kukata, itupe.

Tundu zikiisha, fungua kila kitu, hata kama kubana kulikula nusu siku. Katikati ya mabati kumebaki chembe za chuma, na kila tundu limeacha ukingo mkali uliochomoza upande biti ilipotokea. Chembe hizo zikibaki, mabati hayatagusana. Ukingo ukibaki, utakuwa chanzo cha ufa ukibonyeza kishimo. Ukwangue kwa biti ya kupanua mdomo iliyo kwenye mpini wa kuzungusha kwa mkono: mzunguko mmoja, au miwili, bila kusukuma. Pitisha kidole, kiteleze bila kukwama. Kuzidisha ni kosa kubwa kuliko kupunguza, kwa sababu bati la 0.016 la usukani wa mkia likikwanguliwa mara nne tano kila upande hubaki na tundu pana lenye kingo kama wembe, na hapo hakuna ribiti ya 3/32 itakayokaa. Kingo za nje za bati nazo zipigwe tupa laini, kisha msasa, mpaka alama za mkasi wa kiwandani zisionekane. Nyufa za bati la ndege hupenda kuanzia pembezoni, hasa kwenye kona za ndani.

Kishimo cha kichwa ndicho sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayofanywa haraka kuliko zote. Bati la ngozi ni jembamba mno kuchongwa. Ukijaribu kulipanua mdomo ili kichwa kizame, tundu zima hugeuka kuwa pana. Kwa ribiti za 3/32 wajenzi hawachongi bati lililo chini ya 0.032, na kwa za 1/8 chini ya 0.040. Badala yake bati hubonyezwa kati ya kalibu mbili za chuma, dume na jike, zenye mteremko wa nyuzi 100. Dume linaingia kutoka nje, jike liko ndani. Kifaa cha kushikia ni fremu kubwa ya umbo la C inayofika katikati ya bati pana. Zipo za kugonga kwa nyundo ya plastiki na zipo za kubana kwa mkono wa wenzo. Za wenzo ni bora kwa jirani wanaolala na kwa bati lenyewe, kwa sababu nguvu yake hailegei kadiri bega linavyochoka.

Kishimo kizuri unakiona. Washa taa ndefu juu ya benchi, inama mpaka mwanga wake uakisike kwenye bati, kisha utazame mduara unaozunguka kishimo. Kilichobonyezwa vizuri kina mduara mkali, na nje yake mstari wa mwanga unapita umenyooka. Kilichobonyezwa nusu kina ukingo wa mviringo uliolegea, na mwanga unapinda kuelekea kwenye tundu kama bati limezama. Kichwa cha ribiti kitakaa juu ya hicho kishimo badala ya ndani yake, na hakuna nyundo itakayolirekebisha. Itazidi kulizamisha bati. Rudia kubonyeza hapo hapo, kwa nguvu zaidi. Usisahau mbavu: kishimo cha ngozi kinaingia ndani ya kishimo cha ubavu, kwa hiyo ubavu nao hubonyezwa, na wengi hutumia kalibu zenye kina kidogo zaidi kwa vipande vya chini ili viwili vikae pamoja bila kubishana.

Kuna kosa moja la hapa ambalo halina dawa nzuri. Ncha ya dume isipoingia tunduni na wenzo ukashuka, inatoboa tundu la pili lililoshikana na la kwanza, umbo la nane. Jikinge kwa desturi moja: mkono wa wenzo hausogei mpaka umejaribu kulitelezesha bati kushoto na kulia na ukahisi limekwama kwenye ncha.

Boriti ni nene, haibonyezeki, kwa hiyo huchongwa kwa biti ya nyuzi 100 iliyo ndani ya kifaa chenye kizuizi cha kina. Kizuizi hicho huzungushwa kwa midundo, kila mdundo elfu moja ya inchi. Wageni hukosea hapa: hupima kina kwa ribiti, kichwa kikawa sawa na uso, wakaridhika. Lakini kinachokaa kwenye boriti ni kishimo cha ngozi, ambacho ni kipana kuliko kichwa cha ribiti. Ongeza kama elfu saba za inchi, midundo saba, kisha hakiki kwa kipande cha bati chakavu kilichobonyezwa kwa kalibu zako mwenyewe. Kikikaa bila kucheza na bila mwanga kupita chini yake, funga kizuizi usikiguse tena.

Pale bati moja linapopanda juu ya jingine, ukingo wa bati la juu hupinda juu kidogo ribiti zikigongwa, na mstari mweusi wa pengo utauona hata rangi ikishapakwa. Pitisha ukingo huo kwenye kifaa cha magurudumu mawili kinachoukunja kuelekea chini kwa kiasi ambacho macho hayakioni bali kidole kinakihisi. Kukunja sana huleta mgongo nyuma ya ribiti, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye chakavu. Praima ya ndani sitaijadili kirefu, kila karakana ina imani yake. Ninachosisitiza ni koti jembamba, na usiijaze kwenye vishimo.

Sasa mabati yanarudi kwenye mifupa kwa mara ya mwisho, na kubana ndiko kutaamua kama ngozi itatulia. Weka Cleco tundu moja kila mbili. Kisha anza ribiti katikati ya bati na uelekee nje pande zote, ukiruka huku na huku, usianze kona moja ukaishia nyingine. Kila ribiti inaposambaa hulisukuma bati kidogo sana. Ukienda upande mmoja, misukumo hiyo hukusanyika na kutokea mwishoni kama tumbo la bati linalobonyea na kurudi kwa mlio ukiligusa.

Joto nalo lina neno lake. Alumini hutanuka kwa kiasi cha sehemu 23 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Bati la mita 2.4 lililokuwa juani likipata nyuzi 10 zaidi ya mbavu zilizo kivulini linakuwa refu kwa zaidi ya nusu milimita. Kama bati ndilo la baridi na mifupa ya moto, ukigonga hivyo bati litalegea mifupa ikipoa. Hali ya kinyume haina madhara hayo, maana bati hukazika likipoa. Wapo wanaolipasha bati kidogo makusudi. Kwa wengi wetu inatosha kuacha vyote usiku mzima katika chumba kimoja, na kutofungua mlango wa karakana jua likielekea kwenye benchi.

Urefu wa ribiti uchague kwa macho yako, hata kama mchoro umeutaja. Kabla ya kugongwa, shina litokeze upande wa pili kwa kiasi cha unene wake mara moja na nusu. Kwa 3/32 ni kama milimita 3.6. Likishagongwa, kichwa kipya kiwe na upana wa mara moja na nusu ya shina na kimo cha nusu ya shina. Hivyo ndivyo vipimo vya kulenga, na kuna uvumilivu mdogo juu na chini ambao kitabu cha ndege yako kinautaja. Nunua au chonga geji ya bati yenye tundu la upana huo na mwanya wa kimo hicho. Ukiwa nayo mkononi hukisii. Mahali tabaka zinapobadilika, mfano ubavu unapokutana na boriti chini ya ngozi, urefu hubadilika katikati ya mstari mmoja, kutoka 3.5 hadi 4 au 4.5. Hapo ndipo ribiti zinapochanganywa. Panga visahani vyenye alama, usitie mkono kwenye viwili kwa wakati mmoja.

Ribiti fupi hutoa kichwa kidogo kisichoshika. Ndefu mno hulala upande mmoja kabla haijasambaa, na iliyolala haisimamishwi. Nusu namba ndiyo tofauti kati ya hizo mbili.

Kwa nyundo, tunatumia ya ukubwa uitwao 3X kwa kila kitu. Kofia inayogusa kichwa bapa iwe pana, yenye kiungo kinachoyumba na mpira pembeni unaoizuia isitembee. Isugue uso wake mpaka ung'ae, kwa sababu kila kovu lililo juu yake litachapwa kwenye ngozi. Hewa anza na psi 40 kwa ribiti za 3/32, upime nyundo ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imetulia. Kwa 1/8 ongeza taratibu. Kila nyundo na kila bomba lina tabia yake, kwa hiyo namba sahihi ni ile inayomaliza ribiti kwa sekunde mbili au tatu kwenye mabati chakavu ya unene ule ule. Ikichukua sita, hewa ni ndogo, na utakuwa unaikakamaza ribiti badala ya kuisambaza. Usitumie bati la ndege kutafutia namba hiyo.

Upande wa pili kuna fuawe ya mkononi, kipande cha chuma kizito chenye uso uliosuguliwa. Kwa 3/32 uzito wa pauni 2 mpaka 3 unatosha, kwa 1/8 pauni 3 mpaka 4. Fuawe za tangsteni ni ghali, lakini metali hiyo ni nzito zaidi ya mara mbili ya chuma cha pua, kwa hiyo kipande kinachoingia kati ya mbavu mbili zilizobanana kinabaki na uzito wa kutosha. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu cha kifahari, nunua hiyo. Fuawe nyepesi hurudishwa na mapigo, ribiti ikasambaa polepole na bati likazama kuzunguka kichwa.

Watu wawili wanaogonga pamoja wapatane kabla. Mwenye nyundo anaweka kofia kwenye kichwa, anaegemeza uzito, kisha anatamka kwamba ameweka. Mwenye fuawe anaweka fuawe, anaihisi ribiti ikisukuma mkono wake, kisha anajibu "tayari". Hapo ndipo kifyatulio kinavutwa. Nyundo ikinyamaza, fuawe inabaki mahali pake mpaka mwenye nyundo aseme "basi". Karibu kila bonde linaloonekana kwenye ngozi ya bawa lilitokana na mmoja kuondoka kabla ya mwenzake: nyundo ikaendelea kupiga bati tupu. Mkiwa pande mbili za bati pana, masikio yamezibwa kama inavyopasa, maneno hayasikiki. Mafundi wa viwanda vya ndege hutumia mapigo ya fuawe: pigo moja ni bado, ongeza; mawili ni nzuri; matatu ni mbaya, iondolewe. Yanafaa nyumbani pia. Mwenye fuawe ndiye anayeona kichwa kinavyokua, kwa hiyo yeye ndiye mwenye uamuzi, hata kama ndege ni ya mwenye nyundo. Miwani ya kinga ni kwa wote wawili.

Nguvu za mwenye nyundo ziwe kubwa kuliko za mwenye fuawe. Hilo hushangaza wengi, lakini kichwa kilichokwisha kuwa tayari kinatakiwa kibaki kimekandamizwa ndani ya kishimo wakati upande wa pili unasambaa. Fuawe ikisukuma zaidi, kichwa kinainuka, na utakiona kimekaa juu ya uso wa bati. Fuawe isipokuwa sambamba na bati, ribiti inalala. Mapigo mawili ya kwanza yawe mafupi, fuawe itazamwe, irekebishwe, ndipo mapigo yaliyobaki yafuate.

Mahali panaporuhusu, geuza mpango. Laza ngozi kifudifudi juu ya bamba zito la chuma lililosuguliwa, ribiti zikiwa zimeshikwa na tepu kwa nje, kisha gonga shina kutoka juu kwa kofia maalumu yenye shati la springi linalobana mabati pamoja. Ngozi inatoka nyororo kuliko njia nyingine yoyote. Vyuma vya kukazia vya ndani ya usukani wa mkia na vya vidhibiti vingine hufungwa hivi. Angalizo ni moja: kabla ya kila pigo, hakikisha kwa mkono kwamba bamba liko chini ya ribiti hiyo. Bati linaloning'inia nje ya ukingo wa bamba likigongwa, hapo pana tundu la kubandika kiraka. Na kwa ukingo wa nje ambako mkono wa kibano unafika, achana na nyundo kabisa. Kibano cha upepo hutoa ribiti zinazofanana moja kwa moja, kimya kimya.

Pamoja na yote hayo, zitaharibika. Dalili zijue kwa majina ya vyanzo vyake. Kichwa kilicholala: fuawe ilipinda au ribiti ni ndefu. Kichwa kilichobapa kama sarafu nyembamba: mapigo yamezidi. Pengo unaloweza kupitisha karatasi chini ya kichwa: kishimo hakikufika. Shina lililovimba kati ya mabati mawili: hayakubanwa, hii ni mbaya kuliko zote kwa sababu haionekani kwa nje isipokuwa bati limeinuka kidogo hapo.

Usikimbilie kuzitoa. Hapa ndipo penye busara ambayo vifaa havinunui. Ribiti iliyolala kidogo lakini ina upana na kimo cha kutosha, bati limegusana, inabeba mzigo wake. Kuitoa kunahatarisha tundu, na tundu lililopanuliwa ni hasara ya kweli. Ambayo haijasambaa vya kutosha irudie kwa fuawe ile ile. Zinazotoka bila majadiliano ni zilizopasuka, zilizo na pengo chini ya kichwa, zilizovimba kati ya mabati, na zile ambazo kichwa chake hakifiki kipimo hata baada ya kurudiwa.

Ya kutoka hutolewa hivi. Kile kitone cha katikati ya kichwa kitumie kuongoza biti. Toboa kwa biti namba 40 au ndogo kidogo, namba 41, kina cha kichwa peke yake, usifike kwenye bati. Ingiza panchi ya 3/32 kwenye tundu hilo na uiegemeze upande, kichwa kinakatika. Shina lililobaki usilipige bila kuegemeza, maana ubavu utapinda. Shikilia fuawe yenye tundu, au nati pana, kuzunguka kichwa cha upande wa pili, kisha gonga panchi kidogo. Likigoma, litoboe katikati kwa biti nyembamba ili lilegee, ulishike kwa plaizi upande wa ndani ulizungushe. Litatoka.

Kama tundu limepanuka, usilazimishe ribiti ile ile ijaze nafasi. Ipo NAS1097AD4: shina la 1/8, kichwa kilichopunguzwa hadi kukaribia kile cha 3/32, kwa hiyo kinakaa kwenye kishimo kilichopo baada ya kulimalizia tundu kwa biti namba 30. Weka pakiti moja karakanani tangu mwanzo. Kabla ya kuitumia pima umbali: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati usipungue mara mbili ya unene wa shina jipya, na kwa vichwa bapa ni salama zaidi ukifika mara mbili na nusu. Kati ya ribiti na ribiti usishuke chini ya mara tatu. Vipimo hivyo visipotimia, andikia kiwanda cha ndege yako na usubiri jibu kabla ya kugonga.

Bati la mwisho la bawa, lile la chini, lina utaratibu wake, kwa kuwa likishafungwa hakuna anayeona ndani tena. Kabla ya hapo mwite mtu mwenye uzoefu aje akague. Chama cha EAA, cha wajenzi na wapenzi wa ndege, kilichoanzishwa mwaka 1953 na ambacho makao yake ni Oshkosh, Wisconsin, kina washauri wa ufundi wanaojitolea kuwatembelea wajenzi kwa kazi hii. Vuta chembe zote kwa mashine ya kufyonza vumbi, hesabu biti na Cleco zako, pitisha nyaya na mabomba, piga picha kila chumba kati ya mbavu. Kisha anza na ribiti ambazo hazifikiki kwa njia nyingine, ndani kabisa, msaidizi akiliinua bati lijikunje taratibu bila kuvunjika mstari, mkono wako ukiingia chini yake na fuawe. Songa kuelekea upande ulio wazi, ukilishusha bati ubavu baada ya ubavu. Zilizobaki karibu na boriti kuu hufikiwa kupitia tundu za kukagulia na zile za kupunguza uzito kwenye mbavu, mkono ukiwa ndani hadi kwenye kiwiko. Funika kingo za tundu hizo kwa tepu nene kwanza, ziko tayari kukata. Kila ribiti ya huko ikague kwa kioo kidogo cha mpini na tochi kabla hujagusa inayofuata, kwa sababu kuitoa ukiwa umebakiza safu moja ni rahisi kuliko kuitoa bati likiwa limefungwa lote.